Ufunguo wa Pili wa Gari la Baba Yako

Mwanangu Wakesho,

Usishangae kupata barua kutoka kwa mtu ambaye jana tu ulimwekea miguu yako ya baridi tumboni. Miaka yote niliyokuwa shuleni Bura sikukuandikia, maana ulikuwa hujui kusoma. Sasa unajua. Nimeandika herufi kubwa na kuacha nafasi kati ya maneno, kama ulivyozoea kwenye kibao chetu. Ukifika mahali pagumu, soma kwa sauti, utasikia maana.

Ni alasiri. Wewe na baba yako mmekwenda stesheni kuchukua pipa la mafuta, na Bi Mwanaidi, mwenyeji wetu hapa Voi, amenipa pembe ya baraza yake niandike, kwa sharti nimwangalizie mbaazi zisiungue. Kesho asubuhi mnaondoka Voi kwenda Taveta. Mimi nitapanda kurudi kwetu Mwanda peke yangu. Tangu jana najaribu kuifikiria ile njia tuliyoshuka pamoja, na kila nikifika pale kwenye mawe ambapo ulikaa ukasema miguu yako imekufa nikubebe, fikira zinakataa kuendelea. Nitapita pale na mgongo mtupu.

Bibi yako amekwisha kukuambia habari za kuoga, na kusali, na kutokula vya watu usiowajua. Alikuambia mara tatu huku akikufungia ndizi za kukausha, na mara ya nne tulipokuwa tumeshafika kwenye kona na yeye anapiga kelele kutoka juu. Sina la kuongeza hapo. Nataka kukuambia habari za ufunguo.

Najua utacheka. Utasema, mama mdogo naye, karatasi yote hii kwa sababu ya ufunguo. Lakini soma mpaka mwisho.

Utakaa ndani ya lile gari kwa miezi mingi, mpaka baba yako apate chumba cha kupanga Taveta. Kazi yake ni kutengeneza mashine za kuvuta maji kwenye mashamba ya mkonge, na tajiri wake amempa lori lenye chumba cha mbao mgongoni, lenye paa la bati, na kitanda kilichoundwa kwa masanduku ya risasi yaliyobaki baada ya vita. Dirisha ni moja, dogo, lina wavu wa chuma. Mlango ni mmoja, uko nyuma, na una kufuli kubwa kwa sababu ya vyombo vya kazi. Watu wa Mwatate huliita "nyumba inayotoroka". Ni nyumba nzuri. Nilipolala ndani yake mara ya kwanza, nikisikia upepo chini ya sakafu, nilitamani dada yangu, mama yako, angekuwa hai aione. Alikuwa mtu wa kupenda vitu vinavyokwenda. Alipokuwa msichana alinishusha milimani kutwa nzima ili tukaone gari la moshi likipita, kisha tukapigwa sote wawili, na akiwa analia akaniambia, "Lakini umeliona?"

Asubuhi ya leo baba yako alipokuwa akitutembeza kwenye gari, ulikuwa umesimama kwenye ngazi ya nyuma. Akatoa funguo mbili, zote kwenye uzi mmoja wa ngozi, akazipigapiga kiunoni.

"Hizi hazitoki hapa," alisema. "Nikienda kwenye mashine nitakuwa nafunga kwa nje, shemeji. Mtoto atakaa ndani, ana maji yake, ana chakula chake. Si unayajua mwenyewe mambo yake na funguo?"

Nawe ukacheka, mwanangu. Ukasema, "Ndiyo, baba, nifungie. Mimi hupoteza."

Ulisema hivyo kama mtu anayetaja jina lake.

Nilifungua mdomo. Bi Mwanaidi alikuwa amesimama pale na sinia lake la mahamri, akaniona. "Haya, mwalimu wetu wa Bura, sema basi! Au sauti umewaachia masista?" Mkacheka nyote, na mimi nikacheka, na neno likarudi lilikotoka. Ndiyo maana niko hapa na kalamu.

Wewe hupotezi vitu, Wakesho. Hukupoteza ufunguo ule. Niliupoteza mimi.

Sasa nimeandika. Acha nikueleze yote.

Ulikuwa na miaka sita na mimi kumi na tatu. Ilikuwa likizo, na baba yako alituchukua tukae naye wiki mbili kwenye shamba moja la mkonge, chini ya Mwatate. Wakati ule alikuwa na utaratibu mzuri wa funguo. Mmoja alikaa nao mfukoni, au aliniachia mimi akienda kazini. Wa pili ulikuwa ndani ya kikopo kidogo cha bati, kimefungwa kwa kamba chini ya gari, nyuma ya gurudumu la kushoto, mahali ambapo mkono unafika lakini jicho halifiki. Alinionyesha siku ya kwanza. Alinifanya niinue kamba, nitoe ufunguo, nifungue kufuli, kisha niurudishe. "Huu ni wa akiba, shemeji," aliniambia. "Siku utakapouhitaji hutakuwa na wakati wa kuutafuta."

Nilimjibu "ndiyo" nikiangalia vidole vya miguu yangu. Unajua nilivyo. Hata leo siwezi kumsemesha baba yako maneno matatu bila kwanza kuyapanga moyoni, na nikishayapanga yeye ameshaondoka.

Lakini kikopo kile kilininyima raha. Wafanyakazi wa shamba walipita pale asubuhi na jioni, na mimi nilimwona kila mmoja akitazama gurudumu la kushoto. Labda hakuna aliyelitazama. Siku ya tatu nikakitoa. Kwetu milimani kitu cha thamani hufichwa ndani ya nafaka. Bibi yako mpaka leo huficha wembe wake na mbegu za maboga kwenye chungu cha maharagwe, na hakuna aliyewahi kumwibia. Basi nikauchukua ule ufunguo wa pili, nikaufunga kwenye kitambaa, nikauzika ndani ya kopo la unga, kwenye rafu, ndani ya gari. Nikajiona nina akili kuliko aliyenifundisha. Wala sikumwambia. Niliona haya kuanza mazungumzo.

Angalia hapo, mwanangu. Ufunguo wa kufungulia nyumba niliuweka ndani ya nyumba. Nimewahi kumhadithia Bi Mwanaidi jambo hilo, nikasingizia ni msichana mmoja wa shuleni aliyelifanya. Alicheka mpaka akashika nguzo. "Akiba gani hiyo, na yenyewe imefungiwa!" Nilicheka naye, halafu nikaenda nyuma ya nyumba nikakaa huko.

Siku yenyewe baba yako alikwenda kwenye mashine, akaniachia ufunguo wa kwanza. Nilikuwa nimevaa leso mpya. Bi Mwanaidi ndiye aliyeninunulia, kwa kuwa nilikuwa nimefaulu kusoma, na ndiye aliyenifundisha kufunga kitu kwenye pindo kama wanawake wa pwani wafanyavyo. Aliniambia pia kwamba leso mpya haifungiwi kitu mpaka ifuliwe mara tatu, kwa sababu bado ina ule ugumu wa dukani na fundo lake halishiki. Lakini mimi sikutaka kuifua. Niliipenda rangi yake na ule mlio wake kama wa karatasi nikitembea. Nikafunga ufunguo kwenye pindo la leso ambayo haijaona maji.

Ulikuwa umelala. Maji ya pipa yalikuwa yamebaki kidogo. Nilifikiri, nikikuachia mlango wazi utaamka unifuate mtoni peke yako. Nikafunga kufuli kwa nje, nikachukua debe nikaenda.

Mtoni kulikuwa na wanawake wa shamba, na kila aliyekuja baada yangu alichota kabla yangu. Hakuna aliyenikosea. Ningesema tu "zamu yangu," wangenipisha. Nilisimama pembeni nikijifanya naosha miguu mpaka wote wakaondoka. Kisha nikaivua leso begani, nikaisokota kuwa kata, nikaiweka kichwani chini ya debe, nikapanda.

Jua lilikuwa juu kabisa. Nilipofika kwenye gari nikatua debe, nikaikunjua leso, nikatafuta pindo. Fundo halikuwepo. Palikuwa na mikunjo tu.

Sikuita mtu. Ningeweza kukimbia kwa baba yako, mashine yake nilikuwa naisikia ikikohoa upande wa pili wa mkonge. Nilikimbilia mtoni badala yake, nikapekua mchanga kwa vidole, nikaingia ndani ya maji na nguo. Sijui nilikaa huko muda gani. Nilichoogopa hakikuwa kwamba umo ndani. Niliogopa kuulizwa. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote, na nililiandika mara ya kwanza nikalifuta, sasa naliandika tena.

Nilipopanda tena nilikusikia kutoka mbali. Hukuwa unalia kwa nguvu. Ulikuwa unaniita polepole, kama mtu anayeita kuku. "Mama mdogo. Mama mdogo. Mama mdogo."

Nilipanda ngazi ya nyuma nikagusa bati la paa, likaniunguza. Nikachukua debe la maji nikalimwaga lote juu ya paa, na maji yakakauka mbele ya macho yangu yakitoa mvuke. Ndipo nikakumbuka ufunguo wa pili, na ulikokuwa.

"Wakesho, unanisikia? Panda kwenye kitanda."

"Kuna joto."

"Najua, mama. Panda. Unaliona kopo la unga?"

"Lipi?"

"Lile lenye kutu mdomoni. Livute."

"Zito."

"Livute tu, likianguka na lianguke."

Lilianguka. Nilisikia kishindo chake, halafu nikakusikia ukikohoa. Nikakuambia tafuta kitambaa. Ulitafuta. Ulisema, "Si hiki, hiki ni kipande cha gunia." Ulisema, "Unga umeniingia machoni." Ulisema, "Nimechoka, nataka kulala." Mwanangu, nilikufokea. Nilipiga ubao kwa ngumi nikasema usilale, ukilala nitakuchapa, mimi ambaye sijawahi kukuchapa. Kisha ukasema, "Nimeupata," kwa sauti ndogo kabisa.

Haukupita kwenye wavu wa dirisha. Matundu yalikuwa madogo. Chini ya mlango hakukuwa na upenyo. Nilikuwa nimeshakata tamaa wewe ulipokumbuka kile kitundu cha sakafuni ambacho baba yako alikitoboa ili maji ya kuoshea yatoke. Si mimi niliyekikumbuka. Ni wewe, na miaka yako sita, na unga machoni. Nililala chini ya gari nikauona mwisho wa ufunguo ukitokeza, ukarudi, ukatokeza tena, ukaanguka kwenye nyasi karibu na shavu langu.

Nilipofungua ulikuwa umeegemea mlango, ukaniangukia. Ulikuwa mweupe kwa unga, na jasho limechora mistari. Nilikunywesha maji yaliyobaki ndani ya pipa kwa kiganja. Kwa muda mrefu hukufumbua macho, na mimi nilimwambia mama yako maneno ambayo sitakuandikia. Kisha ukafumbua, ukaniambia nimekulowanisha.

Jioni baba yako akaja. Akaona unga umetapakaa, akaona wewe umejilaza, akaona ufunguo mmoja mlangoni nao ni ule wa kikopo.

"Nani amemwaga unga?"

"Ni mimi, baba," ulisema, na ulikuwa unasema kweli.

"Na ufunguo mwingine uko wapi?"

Uliniangalia. Nami niliangalia chini.

Kosa langu lote liko hapo, Wakesho. Sikusema uongo hata neno moja. Nilinyamaza, kama ninavyonyamaza siku zote, na watu wameizoea tabia yangu, kwa hiyo hakuna aliyeuliza. Baba yako aliyapanga mambo mwenyewe: mtoto amechezea funguo zote mbili, mmoja ameutupa, wa pili ameutoa kwenye kikopo. Hakukupiga. Alitikisa kichwa tu akasema, "Huyu mtoto ana mikono ya kupoteza." Kesho yake, tulipokuwa tukichambua maharagwe, wewe ukaniuliza, "Mama mdogo, mimi niliupoteza wapi?"

Nilikuambia, "Chambua."

Miaka minne imepita tangu hapo. Nimekuona unakua na maneno yale ya baba yako. Bibi yako akikutuma kwa jirani kuazima sindano, unamwomba jirani aje nayo mwenyewe. Ulipokabidhiwa mbuzi mmoja ulimfunga kwenye mkono wako mpaka kamba ikakuchubua. Siku nilipokupa kalamu yangu ya shule ushike kidogo, uliiweka chini upesi kama kaa la moto. Kila mara nilisema, nitamwambia likizo ijayo. Likizo zikaisha, na shule ikaisha.

Nitakuambia nilichojifunza kuhusu funguo za safarini, kwa kuwa nimelipia somo hilo, na sehemu kubwa ya malipo umeitoa wewe.

Ufunguo wa akiba haufichwi kwa ajili ya wezi peke yake. Unawekwa kwa ajili yako, siku mikono yako inatetemeka na jua liko utosini. Kwa hiyo uwe nje ya mlango ule unaoufungua, na uwe mahali ambapo mkono wako unafika bila msaada wa chombo. Baba yako baada ya siku ile alichongesha ufunguo mwingine, akakirudisha kikopo chini ya gari na akakifunga kwa waya mnene ili, kama alivyosema, vidole vya mtoto visikiweze. Miezi michache baadaye alijifungia nje karibu na Maktau, na koleo ya kukatia waya iko ndani. Alikata waya ule kwa jiwe tangu asubuhi mpaka saa sita. Tangu hapo ndipo alipoanza kuzifunga zote mbili kiunoni. Hakuna anayemwambia kwamba uzi ule ukikatika, au akiuvua kuoga akausahau, atakuwa hana hata mmoja. Mimi sikumwambia. Ningemwambia mimi kama nani, na kwa mdomo upi?

Tena, ufunguo unaokaa tu hupata kutu na vumbi la njia ya Taveta. Uutoe mara kwa mara, uupake mafuta kidogo, uujaribu kwenye kufuli. Ukiuhamisha, sema siku hiyohiyo. Hata kama unaona haya, sema. Haya yangu siku ile ilikuwa na umbo la adabu, kila mtu aliisifu, na kumbe ilikuwa imekufungia wewe ndani.

Nilikuwa nimekusudia barua hii niiweke chini ya nguo zako, uikute Taveta, umsomee baba yako polepole jioni moja mkiwa mmeshiba. Nilifikiri atakasirika akiwa mbali, na hasira itakuwa imepoa atakaponiona tena. Ninachokiogopa nakijua. Baba yako ameahidi kukuleta Mwanda wakati wa mavuno. Mtu aliyefichwa jambo kama hili miaka minne ana haki ya kusema mtoto wake hatarudi mikononi mwangu. Na mimi, Wakesho, nimekwisha kuhesabu miezi mpaka mavuno. Nimekwisha kuchagua tutakapolala, upande wa jikoni kwenye joto, na kitabu nitakachokusomea.

Lakini nimefika hapa kwenye karatasi na nimeona jambo ambalo nilipaswa kuliona asubuhi. Kesho saa sita mtakuwa mmesimama kwenye shamba la kwanza. Baba yako atashuka kwenda kwenye mashine, naye atafunga kufuli kwa nje, funguo zote mbili zikiwa kiunoni mwake, na bati ni lile lile. Barua itakuwa humo ndani pamoja nawe. Utaisomea wapi, na utamwambia nani?

Mbaazi zimeungua kidogo. Nawasikia mnakuja, pipa linabingirika na wewe unacheka. Naiacha kalamu.

*

Nimerudi. Uliyaona yote mwenyewe, lakini kuna ambayo huenda hukuyasikia kwa kuwa nilianza kwa sauti ya chini, na nataka uwe nayo kwa maandishi.

Nilimkuta baba yako anafuta mikono kwa kitambaa chenye mafuta. Nikasema, "Shemeji, usimfungie mtoto." Akasema, "Nimekwisha kukueleza sababu." Nikasema, "Sababu ni mimi." Nikamweleza. Sikupanga maneno, yalitoka yakiwa yamechanganyika, leso kabla ya unga na unga kabla ya mto, mpaka Bi Mwanaidi akasema kutoka dirishani, "Taratibu, mwanangu, ng'ombe hawatoki zizini wote kwa mara moja." Hakuwa anacheka. Nadhani alimtambua yule msichana wa shuleni.

Baba yako hakunipigia kelele. Ningependa angepiga. Aliuliza tu, "Miaka minne?"

"Miaka minne."

"Na mimi namwita mtoto wangu mpotezaji mbele ya watu."

Akageuka akakuita. Alipokufungulia ule uzi wa ngozi na kutoa ufunguo mmoja, wewe ulirudisha mikono nyuma. "Nitapoteza, baba." Akachuchumaa mbele yako, mtu mzima yule na magoti yake mabovu, akasema, "Hukupoteza. Wewe ndiye uliyeutafuta ukauona. Mimi ndiye niliyekuwa sijui. Sitakufungia tena kwa nje; ukitoka, utafunga mwenyewe kwa ufunguo huu." Ukaniangalia. Safari hii sikuangalia chini. Nilikuona ukifikiri, na nikaona uso wako ukibadilika, kwanza ukanikasirikia, kwa haki yako, halafu ukapanua kiganja.

Aliposema tafuta wewe mahali pazuri pa kuuweka, ulilizunguka gari mara mbili. Ulipapima kwa mkono wako, si kwa mkono wake. Mlipotelea nyuma ya gari pamoja, nikamsikia akisema, "Hapa? Hapa hata mimi nisingefikiri," na akaongeza kwamba mahali hapo mpajue ninyi wawili tu. Nilikaa kwenye kizingiti cha Bi Mwanaidi nikiwa na mwiko mkononi. Ulipotoka uliupita mlango, ukarudi, ukakaa karibu nami bila kunigusa, ukala mbaazi zilizoungua.

Kuhusu mavuno, nilimwuliza. Alisema, "Tutaona, shemeji." Hakusema zaidi, na sikumbana. Nitaitandika nafasi yako upande wa jikoni hata hivyo, na kama haikulalwa mwaka huu nitaitandika mwaka ujao.

Kesho mtakapoondoka nitalitazama gari mpaka mahali njia inapoingia kwenye mkonge. Nitajua kwamba uko ndani na kwamba unaweza kutoka. Ufunguo wako uko mahali fulani kwenye gari lile, nami sipajui, na sitauliza.

Mimi mama yako mdogo, ninayekupenda,
Mkamburi